Kabla ya kununua kiyoyozi cha boti yako

*“Shikamoo fundi. Nimenunua boti ya faiba ya futi 24, si mpya, ina kabini ndogo mbele na mashine moja ya nguvu farasi 150. Naiweka Mtwapa, kaskazini ya Mombasa. Nia yangu ni safari za familia, Kilifi na kisiwa cha Wasini, kulala usiku mmoja au miwili. Mara ya kwanza tulitoka mwezi wa Julai. Mke wangu alitapika tangu tulipovuka mlango wa kijito kuingia baharini hadi tuliporudi. Watoto wawili waliungua na jua. Bi mkubwa, mama yangu, ana miaka 67, magoti yanamsumbua, na alikataa hata kupanda. Ndani ya kabini ni joto la tanuri. Marafiki wananiambia nifunge kiyoyozi na jenereta, nijenge paa gumu lenye viti juu ili watu wapate upepo, na niweke friji. Nina shilingi 400,000. Nianze na kipi?”*

Marahaba, ndugu yangu. Umeeleza vizuri, hata naiona hiyo boti na nawaona waliokuwamo. Ulitaka kuwafurahisha watu wako, wakarudi wamechoka na wewe umevunjika moyo, na sasa unatafuta kitu cha kununua kitakachoondoa aibu ya siku ile.

Nianze na jibu, maelezo yafuate. Kiyoyozi na jenereta, usifunge. Paa gumu lenye viti juu, usijenge kabisa. Friji inaweza kungoja mwaka mmoja. Pesa ulizo nazo zinatosha kuifanya boti yako ikalike na ilalike, lakini mpangilio wake ni tofauti na ule wa marafiki zako.

Soma tena barua yako. Mkeo alitapika kwa sababu ya mwendo wa boti. Watoto waliungua kwa kukosa kivuli. Mama hakupanda kwa sababu hapakuwa na ngazi ya magoti yake. Kabini ina joto kwa sababu hewa haipiti. Hakuna hata moja hapo lililotokana na kukosa umeme. Nyumba imesimama juu ya msingi, ukiongeza kabati haiyumbi. Chombo hakina msingi. Kila unachokipakia kinakaa mahali fulani, kina kilo zake, na kinabadilisha namna chombo kinavyolala juu ya maji. Kwa hiyo mimi huanza na mwendo, halafu kivuli, halafu hewa, halafu usingizi. Mitambo huja mwisho.

Tuanze na kutapika, maana wengi huona ni udhaifu wa mtu. Si udhaifu. Ndani ya sikio mna viungo vidogo vinavyopima mizani ya mwili. Boti inapokwenda mrama, sikio linauambia ubongo kwamba tunapanda na kushuka, huku jicho linalotazama sakafu ya kabini au simu likisema tumetulia. Ubongo ukipata habari mbili zisizopatana, kigegezi huanza, na kikishaanza ni vigumu kukirudisha. Harufu ya petroli na tumbo lililojaa huongeza.

Sasa angalia siku uliyoichagua. Julai ni kusi kali. Upepo unatoka kusini na kusini-mashariki, na bahari ya nje ya mwamba imeshajengeka kwa wiki nyingi. Wazee hawakuzipa nyakati hizi majina kwa mapambo tu. Kusi lina kazi yake, kaskazi lina yake, na katikati pana tanga mbili, pepo zinapobadilishana. Kwa boti yako, safari za familia zianze Oktoba kusi likilegea na ziishie Machi. Ndani ya kaskazi kwenyewe, ondoka alfajiri. Upepo wa umande unatoka bara, bahari imelala, na mpaka saa tatu au saa nne asubuhi unakuwa umeshafika Kilifi, ambako ni karibu kilomita 40 kutoka kwako. Wasini ni mbali zaidi ya mara mbili ya hapo. Usiwapeleke huko kabla hawajaizoea boti.

Kuvuka mlango nako kuna wakati wake. Maji yanapokupwa, mkondo wa kijito chote unatoka kwa nguvu, na ukikutana na mawimbi yanayoingia, mawimbi hayo husimama wima na kuwa mafupi. Nusu saa hiyo tu inatosha kumharibia mtu siku nzima. Vuka maji yanapojaa au yanapokuwa yamesimama. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya maji hapa kwetu hupita mita tatu, kwa hiyo mkondo wake si wa mchezo. Siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, ni rahisi zaidi kwa wageni.

Na mkeo aketi wapi? Si omo, yaani mbele, ambako boti hupanda na kushuka kuliko kwingine kote, wala si ndani ya kabini. Aketi chini, karibu na katikati, kidogo kuelekea tezi, yaani nyuma, uso mbele, aione pale bahari inapokutana na mbingu. Hapo ndipo unapohitaji kiti cha kweli chenye mgongo na kishikio, kimefungwa kwenye sakafu kwa boliti. Kiti hicho kimoja kitamsaidia kuliko kiyoyozi. Asubuhi ale kidogo, mkate au hamri moja na chai ya tangawizi, asitoke na tumbo tupu wala lililoshiba mbaazi za nazi. Vidonge vya kuzuia kutapika vipo, na humezwa kabla ya kuondoka. Ukingoja mpaka mtu aanze, atavitapika. Vingi vinaleta usingizi, na baadhi havifai watoto wadogo, wajawazito au wazee wenye dawa nyingine. Mwulize mfamasia, umtajie umri wa kila mtu na dawa anazomeza mama.

Nije kwenye paa gumu lenye viti juu, na hapa naomba unisikilize kwa makini, maana ndilo shauri lililonitia hofu katika barua yako.

Kila chombo kina kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo uzito wote hujumlika. Kikiwa chini, boti ikilala upande hurudi yenyewe. Ukikipandisha, nguvu ya kuirudisha hupungua. Paa la faiba na vyuma vyake ni kilo 80 au zaidi. Ongeza watu watatu wa kilo 70, una karibu kilo 300 zilizoketi mita mbili juu ya maji kwenye boti ya futi 24. Zaidi ya hapo, watu hawakai kama mawe. Pomboo akitokea kulia, wote watasogea kulia. Sisi wa Mombasa tuna jambo hili moyoni. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama ikiwa imepakia kupita kiasi, wakafa watu 272, tena karibu kabisa na nchi kavu. Boti yako ni ndogo, lakini maji hufuata kanuni ile ile.

Kuna njia ya kujionea mwenyewe bila kununua kitu. Chukua mitungi ya lita 20, uijaze maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo kila mtungi ni kilo 20 hivi. Boti ikiwa imefungwa gatini kwenye maji matulivu, kamba zikiwa zimelegezwa, isukume upande kwa mkono uiache icheze, na uhesabu sekunde za kwenda na kurudi mara kumi. Andika. Sasa weka mitungi mahali unapofikiria kuweka kifaa: miwili mahali pa betri, mitatu mahali pa friji na vinywaji, kadiri unavyokusudia kupakia. Rudia kuisukuma. Ikiwa sasa inachukua muda mrefu zaidi kurudi, inakwenda polepole kama mtu aliyelewa, umeona kwa macho yako nguvu yake ya kurudi ikipungua. Jaribio hili lisifanywe na watu juu ya kabini, wala mtu yeyote asibaki ndani ya kabini.

Wakati huo huo inama tezini uangalie matundu ya kutolea maji sakafuni. Boti nyingi za aina yako zina sakafu iliyo juu kidogo tu ya maji, ili mvua na mawimbi yatoke yenyewe. Mashine yako pekee ina zaidi ya kilo 200, petroli lita 200 ni kilo 150 hivi, na vyote viko nyuma. Ukiongeza jenereta, betri nne na friji huko huko tezini, matundu yale huzama na kuanza kuingiza maji badala ya kuyatoa. Niliwahi kuitwa kuangalia boti iliyokuwa “inavuja”. Haikuwa na ufa hata mmoja. Mwenyewe alikuwa ameongeza vitu vya starehe mwaka mzima, kimoja kimoja, mpaka boti ikakaa chini kwa kimo cha vidole vinne, na maji yakawa yanapanda kupitia matundu usiku kucha.

Badala ya paa gumu, weka paa la kitambaa la kukunja, lenye fremu ya mabomba ya chuma kisichoshika kutu. Uzito wake ni wa mtoto mdogo, na upepo ukichacha unalilaza. Kitambaa kiwe cha akriliki cha kazi ya bahari. Turubai la plastiki la bluu hupasuka, hupiga kelele usiku kucha, na hushika joto. Ukienda kwa fundi wa kushona, mwulize habari ya uzi kabla ya kitambaa. Jua letu huua uzi kwanza. Kitambaa kinabaki kizima na mshono unaachia. Dai uzi wa poliesta uliotengenezwa kwa kazi ya jua, hata kama ni ghali, na sehemu zinazosuguana na bomba zishonewe ngozi au kipande cha pili.

Paa la juu peke yake litakufaa adhuhuri. Sisi tuko nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, jua la mchana liko karibu na utosi mwaka mzima. Lakini saa tisa mpaka magharibi linaingia kwa ubavuni, na hapo paa peke yake haliwakingi watoto wako. Shona mapazia ya pembeni ya kufunga na kufungua kwa vifungo, ukitumia neti ya kivuli ile wanayotumia wenye vitalu vya miche. Inapitisha upepo na kukata jua. Ukiwa umetia nanga mahali pasipo na mkondo, wakati wa kusi boti itaelekeza omo kusini, jua la alasiri lipige ubavu wa kulia. Wakati wa kaskazi litakujia kwa nyuma kushoto. Ndani ya kijito kama Kilifi, mkondo ndio utakaoigeuza boti, kwa hiyo mapazia yaweze kuhama upande mmoja hadi mwingine.

Sasa joto la kabini. Faiba ikipigwa na jua moja kwa moja huwaka kama bati, nayo hukurushia joto hata usiku wa mapema. Babu zetu walilitatua hili bila umeme. Paa la makuti lina matabaka na nafasi ya hewa, jua linachoma tabaka la juu na upepo unabeba joto kabla halijafika chini. Fanya vivyo hivyo. Tandaza kitambaa cheupe juu ya paa la kabini, kikae kimo cha shubiri moja juu ya faiba, pande zote zikiwa wazi. Pima joto kwa kiganja, ndani, kabla na baada. Mimi nimewafungia watu wengi kitambaa hiki, na hakuna kazi ninayoipenda kama kumwona mtu akiingia kabini kwake na kunyamaza kidogo.

Baada ya kivuli, hewa. Kabini yenye mlango mmoja nyuma ni chupa. Upepo unahitaji pa kuingilia na pa kutokea. Kama omo haina kidirisha cha juu kinachofunguka, kukifunga kimoja ni matumizi mazuri kuliko yote ya pesa zako, sentimita 40 kwa 40 au zaidi, kikifunguka kuelekea mbele. Boti ikiwa nangani omo hutazama upepo, na unaweza kuning'iniza juu yake tanga dogo la kitambaa chepesi linalounasa upepo na kuushusha ndani. Halafu pangaboi mbili ndogo za volti 12, moja kwa kila upande wa kichwa. Kila moja hula wati tano au sita tu.

Usisahau mbu, na zaidi yao usubi. Kwenye vijito vyenye mikoko usubi hutoka magharibi na alfajiri, na neti ya kawaida wanaipita. Tafuta neti yenye matundu madogo kabisa, lakini ujue inazuia na upepo pia, ndiyo maana pangaboi zinahitajika. Au tia nanga katikati ya kijito, mbali na mikoko, pale upepo unapopita. Wengi wao hawaji.

Baada ya hayo, kiyoyozi utakihitaji? Nikuonyeshe hesabu. Kiyoyozi kidogo kabisa, cha BTU 5,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza), hula karibu wati 500. Kwa saa sita za usiku ni wati-saa 3,000. Betri ya kawaida ya risasi ya volti 12 na Ah 100 (ampea-saa) ina wati-saa 1,200, na si vyema kuitumia zaidi ya nusu, yaani 600. Utahitaji betri tano, kilo 150 hivi, kwa usiku mmoja tu. Ndiyo maana wanakuambia ununue jenereta. Na jenereta ya petroli ndiyo ninayoiogopa. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoshikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala haamki kukohoa. Anaendelea kulala. Ukiweka jenereta tezini, mapazia yamefungwa, moshi unaweza kurudi ndani ya boti. Hata mashine yako yenyewe, ukienda polepole huku nyuma pako wazi na mbele pamezibwa, hewa huzunguka na kuvuta moshi ndani. Kwa hiyo ukiwa mwendoni fungua kidirisha cha mbele, na nunua king'ora cha kaboni monoksaidi ukifunge kabini hata bila jenereta. Mtu akilalamika kichwa kinamuuma na ana kichefuchefu, usiseme ni bahari mpaka umtoe nje apate hewa safi.

Bi mkubwa. Nimemfikiria sana huyu, kwa sababu mimi pia nilimpandisha mama yangu chomboni akiwa na umri huo. Hofu yake ni ile hatua moja ya kutoka gatini hadi botini, hapo ambapo mguu mmoja uko kwenye kitu kilichotulia na mwingine kwenye kitu kinachocheza. Tumia gati linaloelea, ambalo hupanda na kushuka pamoja na boti. Kama ni gati la kujengwa, mpandishe maji yakiwa yamejaa, si yakiwa chini mita tatu. Tengeneza kidaraja cha sanduku cha mbao chenye mpira juu, kimo cha sentimita 18, kifungwe ndani ya boti mahali anapokanyaga. Kisha weka vishikio viwili, kimoja usawa wa kiuno na kimoja usawa wa bega, vipenye mpaka upande wa pili kwa boliti na bamba la nyuma. Skrubu peke yake hung'oka siku ambayo mtu ametia uzito wake wote. Boti ifungwe kwa kamba nne wakati anapanda, na mtu mmoja tu amshike mkono. Wawili wakimvuta, atakosa mizani. Kiti chake kiwe kirefu kidogo kuliko vya wengine, maana goti bovu huumia zaidi kwenye kunyanyuka. Na awe amevaa jaketi la kuokolea maisha kabla ya kukanyaga kidaraja, nanyi nyote pia, watoto wakiwa na ya saizi yao.

Jambo jingine ambalo mama hatalitaja kwako ni choo. Kina mama wengi hukataa safari za boti kwa sababu hiyo, nao husingizia jua. Choo cha kubeba chenye tangi la lita 20, pazia zito, ndoo ndogo ya maji na kata yake, vinatosha. Kwa maji ya kujisafisha na ya kuondoa chumvi mwilini, nunua bomba jipya la kupulizia la lita nane, lile la kubana kwa mkono, ambalo halijawahi kutiwa dawa. Ukiliacha juani, jioni watoto wanaoga maji ya vuguvugu. Tangi la choo limwagwe chooni nchi kavu, si ndani ya kijito wanamoogelea watoto wa wengine, wala katika hifadhi za bahari kama ile ya Mombasa iliyotengwa mwaka 1986 au Kisite.

Usingizi. Magodoro ya boti za zamani yana sponji inayonywa maji. Ukilikamua likatoa maji ya chumvi, litupe. Halitakauka kamwe, kwa sababu chumvi huvuta unyevu wa hewa. Jipya liwe gumu kiasi, unene wa inchi nne, nalo lisilale juu ya faiba kavu kavu. Faiba iliyopoa na mwili wenye joto hutoa jasho katikati, na wiki ya pili kuna ukungu mweusi. Weka fremu ya mbao nyembamba yenye kamba zilizosukwa, kama kitanda cha kamba cha nyumbani kwetu, godoro lipumue kwa chini.

Lakini godoro haliwezi kukulaza kama nanga haikushika. Tuseme umetia nanga penye mita tatu maji yakiwa yamekupwa. Yakijaa yanaongezeka mita tatu na nusu, na omo iko mita moja juu. Jumla mita saba na nusu, mara tano, ni mita 37 na nusu za kamba na mnyororo. Watu wengi hupima kwa maji waliyoyakuta, wakaamka usiku wa manane boti ikiburura nanga. Mnyororo uwe angalau urefu wa boti yako. Na chagua mahali. Nyuma ya mwamba panaonekana patulivu maji yakiwa madogo, kwa sababu mwamba umesimama kama ukuta. Saa sita baadaye maji yamejaa, mawimbi yanauruka mwamba, na boti inakwenda mrama hadi asubuhi. Kwa usiku wa kwanza lala ndani ya kijito cha Kilifi.

Vilivyobaki nitavipitia haraka. Friji ya volti 12 katika joto letu itakula wati-saa 600 hivi kwa siku, pangaboi na taa nusu ya nusu ya hapo. Maana yake ni paneli ya sola ya wati 200 na betri mbili za matumizi, mbali na ile ya kuwashia mashine. Inawezekana, si vibaya, lakini sanduku zuri la barafu lenye kilo 20 litakuhifadhia samaki na maji ya watoto siku mbili bila waya hata mmoja. Liweke katikati, chini ya kiti. Nyaya zozote utakazovuta ziwe za shaba iliyopakwa bati, kila moja na fyuzi yake karibu na betri. Waya wa nyumbani huoza kwa ndani na kuwa wa kijani huku nje ukionekana mpya.

Kupika, pika nyumbani. Pilau ndani ya hotipoti na chai kwenye chupa vinafika Kilifi vikiwa moto. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka hadi kwenye ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, na kukaa hapo ikingoja cheche, na mvuke wa petroli hufanya hivyo hivyo. Kama huna sanduku la nje la kuweka mtungi, lenye tundu chini linalotoa gesi baharini, usipande na mtungi.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi, lazima mtu aje aiguse boti. La kwanza ni ubao wa tezi unaobeba mashine. Ndani ya faiba mara nyingi mna mbao, na zikioza hazionekani. Mtu mmoja aikamate mashine kwa chini aipandishe na kuishusha, wewe tazama ubao. Ukiuona unacheza, au maji ya kahawia yanachuruzika kwenye boliti, usitoke tena mpaka fundi wa faiba aufungue. La pili ni kutoboa paa la kabini kwa ajili ya kidirisha. Faiba ya hapo huwa na matabaka, na tundu lisilozibwa kingo kwa rezini litaingiza maji ndani ya tabaka la kati. La tatu, ukitaka betri za lithiamu, mwone fundi wa umeme wa boti, kwa kuwa chaji ya mashine yako haikutengenezwa kwa betri za namna hiyo. La nne, ukisisitiza paa gumu kwa siku za usoni, hata bila viti, mwite mkaguzi wa vyombo apime kwanza, na uwajulishe Mamlaka ya Bahari ya Kenya (KMA), kwa sababu cheti cha boti kilitolewa kwa umbo ililokuwa nalo. Na mama, aulize daktari wake wa magoti kama anaruhusiwa kukaa kwenye mtikisiko wa saa mbili.

Kwa shilingi zako 400,000, ningeanza na ukaguzi wa tezi na pampu ya ngama, halafu majaketi, nanga na mnyororo, redio ya VHF ya kuwasiliana baharini, na ujue kutumia chaneli 16, ile ya wito wa dharura. Kisha paa la kitambaa na mapazia, kidirisha na pangaboi, kiti cha mkeo, ngazi na vishikio vya mama, choo. Godoro kama pesa zimebaki, na zisipobaki, lala juu ya mkeka safari ya kwanza.

Safari hiyo isiwe ya bahari ya nje. Mwezi wa Oktoba, siku ya maji mafu, maji yakijaa asubuhi, mpandishe bi mkubwa pale Mtwapa mzunguke ndani ya kijito saa moja tu, mle chakula chini ya kivuli, na mrudi kabla hajachoka. Akikuuliza lini tena, hapo ndipo umwambie habari ya Kilifi.